Ugali Nilioukataa Sindeni

Siku moja ya palizi huko Sindeni naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Mke wangu analijua hilo na wala halimsumbui. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu jioni nawaona vijana wa Korogwe mkitoka kunyanyua vyuma, vifua mbele, kisha mnafika nyumbani mnawaambia mama zenu kwamba hamli. Sina ugomvi na vyuma. Nilivinyanyua kabla yenu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naishi Kwamndolwa, kazi yangu kupakia magunia ya mahindi sokoni. Magunia yalikuwa yamenipa mabega na mgongo bila mimi kuomba, ila tumbo lilikuwa la mtu anayekula vizuri. Rafiki yangu Hemedi, fundi baiskeli, alikuwa na picha aliyoikata gazetini, ya mwanamume ambaye tumbo lake limegawanyika vipande sita. Basi tukajaza zege kwenye makopo mawili ya rangi, tukayaunganisha kwa bomba la maji, na kila jioni tukawa tunanyanyua nyuma ya nyumba yao. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza Hemedi aliposema kwamba nyama haionekani chini ya mafuta, kwa hiyo niache ugali, wali, muhogo na chochote kilichoungwa. Nikabaki na mayai ya kuchemsha na mchicha wa maji na chumvi.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Nilikuwa nimeposa. Binti aliitwa Mwajuma, wa Sindeni, na baba yake alishafariki, kwa hiyo mambo yake yalisimamiwa na mjomba wake, Mzee Semndili. Kwao ilikuwa desturi mposaji aende na wenzake kulima siku moja shamba la mama mkwe, ili ukoo umwone akiwa kazini. Nikapanga mwezi mmoja wa mayai, nifike Sindeni na tumbo la ile picha, na jua likikolea nivue shati. Akili ya kijana ndiyo hiyo. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto analijua, kwamba mkwe hakai kifua wazi mbele ya mama mkwe.

Wiki ya tatu mistari ya tumbo ikatokea. Nilikuwa naitazama kwenye kioo cha Hemedi mara mbili kwa siku, nimefurahi sana. Wiki hiyohiyo, gunia nililokuwa nalitupa begani peke yangu likaanza kuhitaji mtu wa kunipandishia. Wapakiaji wenzangu wakanikumbusha kwamba gunia tupu halisimami. Nikawacheka, nikijua wananionea wivu.

Siku ikafika. Tulikwenda watu sita, Hemedi akiwemo, tukaanza kulima umande haujakauka. Nililima na shati langu mwilini mpaka vifungo vya juu, kama wote. Saa sita mama yake Mwajuma akaja shambani na wanawake wa jirani, wamebeba ugali wa dona, mlenda, na jogoo mzima aliyepikwa. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba jogoo yule alikuwa ndiye pekee aliyekuwa naye. Wenzangu wakanawa. Mimi nikakaa pembeni.

"Karibu chakula, baba," akaniambia.

"Asante mama, nimeshiba."

Alinitazama kidogo, akadhani ni haya ya ukwe. Akanikaribisha tena, safari hii akiwa ameshika bakuli la maji ya kunawa kwa mikono miwili. Nikasema tena nimeshiba. Akaliweka bakuli chini, akaenda kukaa na wenzake. Wanawake wale wakaanza kunong'onezana.

Huko kwetu, mwanangu, mtu aliyelima tangu alfajiri hawezi kuwa ameshiba saa sita. Akikataa chakula cha mwenye shamba, watu wanatafuta sababu nyingine, na iliyo karibu ni moja tu: anakiogopa chungu cha yule mama.

Saa nane jembe likaniponyoka, nikaanguka. Nilipofumbua macho nilikuwa kivulini na Hemedi ameshika kibuyu cha uji alioukimbilia nyumba ya jirani. Nikakishika kibuyu na kuunywa uji wote bila kupumzika. Mama yake Mwajuma alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, anaona. Cha kwake nilikikataa mara mbili mbele ya watu, cha jirani nimekimaliza.

Siku nne baadaye Mzee Semndili akaja Kwamndolwa na barua yangu ya posa mfukoni. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja," akasema. "Dada yangu amekukosea nini?"

Nikamweleza yote, mayai, zege, picha, mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanitazama mkono, akanitazama shingo.

"Mafuta yako yapi, kijana? Tembo hashindwi na mkonga wake, wewe mkono wako umeshindwa na jembe."

Nikamsihi arudi akamweleze dada yake kwamba sikuwa na nia mbaya. Mzee yule alikuwa mwungwana, akaenda, na wiki iliyofuata akaniletea jibu. Mama alisema amenielewa na amenisamehe. Ila wale wanawake waliokuwa shambani walishasema, na sasa watoto wa jirani walikuwa wanakatazwa kula kwake. Akinioza bintiye, kila nitakapokaa mbele ya sahani yake kijiji kizima kitahesabu matonge. Hakutaka kuishi hivyo.

Iliniuma, sitakudanganya. Kumkosa Mwajuma kuliniuma mwaka mzima, na lile la watoto kukatazwa linaniuma hadi leo. Nilimpaka uchawi mama wa watu, mjane, kwa ajili ya tumbo ambalo hakuna aliyeliona. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwili wa kwenye picha niliupata baadaye, kwa misimu miwili, na niliupata nikiwa nakula. Mwajuma alikuwa ameshaolewa Mkata.

Sasa nisikilize. Nyama hujengwa kwa kazi nzito, chakula na usingizi, na vyote hivyo vinahesabu miezi. Ongeza uzito wa chuma polepole, kidogo zaidi ya ulivyozoea. Mafuta nayo yaondoe taratibu. Anza na soda, na sukari ya vijiko vinne kwenye chai, na chipsi, na yale mafuta yanayoelea juu ya mchuzi. Ugali usiufukuze, upime tu: siku ya kazi ule wa kukutosha, siku ya kupumzika upunguze, na mboga ijaze nusu ya sahani. Maharage, kunde, dagaa, mayai, kimojawapo kisikose kila mlo, maana hapo ndipo nyama inapotoka. Ukiona unapungua na nguvu nazo zinapungua, acha hapohapo, unachoma nyumba ili uue panya. Haraka haraka haina baraka, na mwilini ndipo nilipoliona hilo kwa macho yangu.

Na ukiwa na utaratibu wako wa kula, mwambie anayekupikia mapema, kabla hajawasha moto. Ukimkuta ameshapika, nawa. Matonge matatu hayajawahi kuharibu mwili wa mtu. Mimi tonge moja tu lingetosha siku ile, na yule mama angeendelea kuwapikia watoto wa jirani.

Mungu akupe mabega ya kubeba na subira ya kuyajenga, akupe afya isiyokutenga na watu, na kila mlango utakaoingia ukute wenyewe wanafurahi kukuandalia. Amina.