Orodha ya Ghala la Adui

Wajukuu zangu hapa Bukoba huniuliza niliua wangapi vitani. Jibu langu huwakatisha tamaa: mimi nilihesabu.

Kabla ya vita nilikuwa mtunza ghala la kahawa Buganguzi, na ghalani sikuwa mtu wa kuchezewa. Wezi wa kule walikuwa na ujanja wao. Waliiba magunia ya katikati, kwa nje lundo likabaki limejaa vizuri tu. Liliwahi kuniaibisha hilo mbele ya wakaguzi, nikaapa kwamba lundo lolote nitalipanda mwenyewe.

Nikaingia mgambo. Tulipoiteka kambi ya adui ng'ambo ya mpaka, koplo wetu alinipa daftari niorodheshe silaha zote, maana kesho yake mkuu angekuja kuzipokea. Bunduki na mabomu ya mkono havikunisumbua. Masanduku ya risasi yalikuwa kumi kwa marefu, sita kwa mapana, saba kwenda juu.

"Mia nne na ishirini," koplo alisema. "Andika, tukale."

Nilikataa, nikapanda. Katikati palikuwa na shimo, na ndani yake mwanamume mwenye sare ya adui, amejikunja, midomo imemkauka. Alikuwa mtunza ghala lile.

"Waitu, bwana wangu, usiniue," alisema kwa lugha ya kwao, ambayo Mhaya hahitaji mkalimani kuielewa.

Koplo akakoki bunduki. Nyumba yake kule Kyaka ilikuwa imechomwa, na mama yake hakujulikana alipo. Sikumlaumu. Lakini nilimwonea huruma yule mtu, tena huruma ya watu wa kazi moja, na silaha niliyoijua ni kalamu. Nikaandika daftarini, chini ya mstari wa masanduku: *Mateka, mmoja, mzima, hana jeraha.*

"Unaandika nini?"

"Kilichomo ghalani, afande. Kikipungua kabla ya kesho, tutaeleza sote wawili. Weka sahihi hapa."

"Futa!"

"Daftari la ghala halifutwi, afande."

Alinitukana kwa Kihaya, matusi ambayo sijayasikia tena hata gulioni. Kisha akaketi juu ya sanduku, akalia kama mtoto, akaniita mpumbavu wa kahawa, akatia sahihi.

Tulirudia hesabu watatu. Mateka mwenyewe alinisahihisha mara mbili, na mara zote alikuwa sahihi.

Asubuhi mkuu alisoma orodha kwa sauti, koplo akijibu kila kitu kilipotajwa. Bunduki, zipo. Mabomu, yapo. Mkuu alipofika kwenye mstari wangu aliinua macho, akatutazama usoni mmoja mmoja.

Koplo akapiga hatua moja mbele.

"Yupo, afande," alisema. "Amekunywa chai."