Ukingo wa Kulia wa Fundi Pacha

Jina la Pacha hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, kwa sababu ukimwagiza mbao mbili za kupandia mawimbi alikuletea mbili ambazo ungezichanganya hata ukizitazama mchana kweupe, na zote kazichonga kwa mkono, kwa randa na msasa, bila mashine. Jina zuri ni mzigo. Likibebwa kwa kiburi, uzito wake huwa mara mbili.

Karakana yake ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza, cha kuchongea, kilipakwa rangi ya buluu iliyokolea ili weupe wa povu gumu linalochongwa uonekane vizuri, na kila ukuta ulikuwa na taa moja iliyofungwa chini, usawa wa kiuno. Cha pili kilikuwa cha shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuuvika ubao uliokwisha kuchongwa kitambaa cha faiba na kuumwagia gundi hadi ukauke na kung'aa. Kila mmoja na chumba chake, na mlango mmoja katikati.

Siku moja, wakati wa chai, Pacha aliona vumbi jeupe kwenye mikono ya shati la shemeji yake. Gundi haitoi vumbi jeupe. Povu ndilo hulitoa, na povu lilikuwa la Pacha.

"Hilo vumbi umelitoa wapi, shemeji?"

"Hewani," shemeji akajibu, akipuliza chai. "Humu ndani hata sukari ina vumbi."

Jibu lilimjia haraka mno, na Pacha alilibeba nyumbani kama mtu aliyebeba kaa la moto mfukoni. Ng'ambo ya barabara kuu palikuwa pamefunguliwa karakana mpya ya mashine, nao walikuwa wakitafuta mafundi. Anayetaka kuhama, alijisemea, huchafua kwanza anakotoka. Kesho yake alinunua kufuli, akalitia kwenye mlango wa kuchongea, ufunguo akauning'iniza shingoni. Tangu hapo kila ubao aliutoa mwenyewe, akasimama mikono kifuani mpaka kitambaa kitandazwe na gundi imwagwe.

"Unanilinda kama benki," shemeji alisema.

"Kazi ni kazi."

Shemeji akarudi kwenye gundi yake.

Haukupita muda mrefu, akaja Mwalimu, mwanamke aliyefundisha watu kupanda mawimbi, na ubao mpya kwapani. Aliulaza mezani bila salamu ndefu.

"Fundi, huu unavuta kulia. Mwenzake anavuta zaidi. Wanafunzi wangu hubadilishana mbao. Mtu akijifunza kwa huu, akipanda ule anaanza upya. Mimi niliagiza pacha, umeniletea binamu."

Pacha aliusukuma ubao kando. "Nitakutengenezea jozi nyingine."

"Nitengenezee. Ikiwa hivi tena, naenda kwa wenye mashine. Mashine haina jina, lakini haisahau."

Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza kwa nini mbao ziliharibika baada ya kufuli na si kabla. Pacha hakujiuliza. Aliwaza kwamba shemeji ana ufunguo wa pili, na kwamba aliyempa ni dada yake, yaani mama watoto. Jioni mkewe alipomtengea chakula, yeye alimtazama mikono.

"Unatafuta nini?"

"Vumbi."

"Basi fagia," mkewe akasema, akaenda zake.

Alichonga jozi mpya kwa makini yote aliyokuwa nayo. Alipomaliza, akachora misalaba midogo ya penseli kwenye kingo za mbao zote mbili, pale ambapo mtu akipitisha msasa ni lazima aifute. Akaliacha kufuli wazi, akatangaza kwa sauti kwamba anakwenda kununua misasa, kisha akazunguka nyuma. Mtu mzima, mwenye jina lake mjini, amejibanza nyuma ya tangi la maji akiichungulia karakana yake mwenyewe. Shaka humshusha mtu hivyo, na haimwombi ruhusa.

Alisikia mkwaruzo. Akaingia.

Shemeji alikuwa ameinamia ukingo wa kulia, kipande cha msasa mkononi.

"Hatimaye," Pacha akasema. "Mharibifu kaonekana."

Shemeji hakushtuka. Aliweka msasa chini. "Zima taa ya juu."

"Usinipangie."

"Zima, kisha unitukane."

Akaizima. Mwanga wa taa za pembeni ukaupitia ubao kwa ubavuni. Kivuli cha ukingo wa kushoto kilinyooka kama uzi. Cha kulia, karibu na mkia, kilikuwa kimevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

"Umeuvimbisha wewe."

"Msasa hupunguza, shemeji, hauongezi. Na tazama misalaba yako. Iko palepale juu ya uvimbe, haijafutika. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza mbele yake."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Pacha aliinama, akaipitishia kidole misalaba yake, mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa mizima.

"Kushoto unasukuma randa," shemeji aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Ukifika kulia huugeuzi ubao, unavuta. Na unavuta kwa kiwiko kilichochoka."

"Tangu lini?"

"Tangu jozi ya kwanza. Ile iliyokupa jina."

Pacha aliuvua ufunguo shingoni.

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa ndiyo kwanza umemwoa dada yangu, na watu wanakusifu. Nani alitaka kusikia? Nikawa napitisha msasa kidogo ukienda kula, nyumba ikawa na amani."

"Uliniibia kosa langu," Pacha akasema. "Ningeliona, ningelitibu."

"Na wewe umenitegea kama panya."

Wote wawili walisema kweli, na wote wawili walikuwa na hatia. Anayemfichia mwenzake kosa humlaza kwenye nyumba inayovuja huku akimpangusia sakafu. Huo si wema. Na anayemdhania mtu ubaya kabla ya kumuuliza ana uvivu wa moyo, hata kama ni hodari wa mikono.

Shemeji aliutazama msasa. "Mwalimu anakuja kesho. Nimalizie? Hatajua."

"Acha," Pacha akasema.

Mwalimu alipofika, Pacha alizima taa ya juu mwenyewe, akamwonyesha uvimbe. "Huu ndio mkono wangu. Ule mliokuwa mnausifu ulikuwa na mkono wa shemeji ndani yake."

Mwalimu aliupapasa uvimbe. "Wa mashine hawajawahi kunionyesha kosa lao," alisema. "Ila kosa halipandwi, fundi. Wanafunzi wapya wanaanza mvua zikiisha. Mpaka hapo, nakusubiri."

Kufuli likaondolewa. Pacha alinoa upya kisu cha randa, akaanza kuchora mistari ya penseli kuvuka povu kutoka ukingo hadi ukingo, akirandua mpaka mistari ya pande zote itoweke pamoja. Alijifunza kuugeuza ubao badala ya kukipinda kiwiko. Aliharibu mabonge kadhaa ya povu, akajifunzia tena juu ya mabaki yake. Shemeji alikatazwa msasa. Aliruhusiwa chaki tu, kuweka alama palipokosewa, na siku nyingine ubao ulitoka kama mgonjwa wa surua. Shaka haikumtoka Pacha. Ilihama tu, na sasa aliutazama mkono wake mwenyewe kama anavyotazamwa mgeni anayebisha hodi bila kusema jina.

Mvua zilipokatika, shemeji aliuzunguka ubao wa pili wa jozi, akauweka chini mche wa chaki bila kuutumia.

"Unanionea huruma," Pacha akasema.

"Chaki ninayo. Huruma iliisha nyuma ya tangi la maji."

Pacha alifumba macho, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa kulia, taratibu, kutoka puani hadi mkiani. Akasimama.

"Na hapa?"

Shemeji aliinama, akatazama kivuli, akapapasa, akapapasa tena. "Hapa palinipita," alikiri.

Pacha alimrudishia chaki. "Weka alama."

Mwalimu alikuwa ameshasimama mlangoni, kamba ya kufungia mbao begani. "Nichukue?"

"Subiri," Pacha akasema, akiugeuza ubao na kuinyanyua randa. "Bado ni binamu."