Kumaliza Chaji

Emiliana alikuja Itigi miaka ishirini na sita iliyopita, akimfuata mume aliyekuwa kibarua wa reli. Mume alifariki, yeye akabaki akiuza asali. Wengi walimjua kwa hayo tu: Mama Noel wa asali, mwenye ndoo mbili nyeupe na goti la kulia linalomuuma. Mimi nilikuwa jirani yake, tukichangia ukuta mmoja na kamba moja ya kuanikia nguo, na sidhani kama nilijua mengi zaidi.

Goti lilipozidi, mwanawe Noel alimletea baiskeli ya umeme kutoka Dodoma. Ilikuwa na pedali kama baiskeli yoyote, lakini ukizungusha mshikio wa kulia ilikwenda yenyewe, kimya. Miaka miwili alibeba asali kwa kifaa hicho na hakuna aliyemuuliza ni nini. Itigi ilikizoea kama ilivyomzoea yeye.

Mwezi wa sita habari zilifika kutoka Issuna kwamba dada yake, Cecilia, haoni tena. Cecilia aliishi peke yake, mbali na zahanati, na kila baada ya wiki mbili alitakiwa kupelekwa kutiwa dawa. Emiliana hakusita. Alirudisha chumba kwa mwenye nyumba, akagawa vyombo. Aliniambia mimi tu, akaniomba ninyamaze, kwa sababu hakupenda kuagwa. Usiku wa mwisho aliiweka baiskeli kwenye umeme mpaka taa zote tano za betri zikawaka, kama mtu anayefunga chakula cha njiani. Kwa goti lile, bila baiskeli, wangekuwa kina mama wawili waliokaa ndani, mmoja haoni na mwingine hatembei.

Saa tatu asubuhi tulifika kwenye ofisi ya basi. Karani, Sostenes, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa na karatasi ukutani. Baiskeli hupanda juu ya paa. Pikipiki huingia kwenye buti, tangi likiwa tupu, mwenyewe akiwa na kadi yake. Betri za magari hazipokelewi. Sostenes aliizunguka baiskeli mara mbili, akainama, akaizunguka tena.

Akasema ina pedali, kwa hiyo ni baiskeli. Kisha akazungusha mshikio, gurudumu likazunguka lenyewe, akasema basi ni pikipiki, na akaomba kadi. Kadi haikuwepo, kwa kuwa aliyeiuza aliiuza kama baiskeli. Emiliana akauliza kama anaweza kutoa betri. Betri ilikuwa imefungiwa ndani ya bomba la fremu, na hata kama ingetoka, karatasi ilikuwa imeshasema kuhusu betri.

Askari wa barabarani alikuwa akinywa chai kwenye kibanda cha jirani, tukamwita. Alisikiliza vizuri. Alisema kwenye semina waliambiwa vyombo hivi hutenganishwa kwa nguvu ya mota, kwa mwendo wake, na kama vinamsaidia anayekanyaga au vinakwenda bila kukanyagwa. Hiki kilifanya yote mawili. Akatafuta kibandiko cha nguvu ya mota. Kilikuwa kimesuguliwa na ndoo za asali hadi kikawa cheupe.

"Bila namba hiyo, mama, siwezi kusema ni nini," alisema. "Na siwezi kusema si nini."

Alirudi kwenye chai yake. Tulibaki watatu tukiitazama baiskeli, na nakumbuka kwamba kwa muda hata mimi sikujua ninatazama kitu gani. Hatimaye Sostenes alipata njia. Pikipiki hupakiwa tangi likiwa tupu. Hiki hakina tangi, kina chaji. Basi chaji iishe. Kikishindwa kwenda chenyewe, yeye atakiandika baiskeli na moyo wake utatulia. Basi lilikuwa linaondoka saa tisa.

Sikuona kosa katika maneno yake, wala sikuona mantiki. Emiliana alifunga kanga kiunoni, akapanda.

Mji wetu ni mdogo. Kutoka ofisi ya basi hadi stesheni, kupitia sokoni, kanisani na kurudi, ni dakika chache. Mzunguko wa kwanza watu walimsalimia kama kawaida, vijana wakampa shikamoo yake. Wa pili wakampa pole ya kazi. Wa tatu wakauliza za tangu asubuhi. Kufikia wa sita salamu zilikuwa zimeisha, na wakati huo taa tatu zilikuwa bado zinawaka. Hapa kwetu humpiti mtu kimya, sembuse mama wa umri wake. Nilimwona mwenye duka la dawa akijificha nyuma ya mlango, si kwa ubaya, hakuwa na neno jipya.

Aliyefurahi ni Miraji, mshonaji wa kwenye baraza mkabala na stesheni, aliyemzidi Emiliana miaka kumi na kumtania siku zote.

"Mama Noel, mji umekupotea?" aliuliza mzunguko wa saba. Wa tisa alisema anamhesabia, asije akasahau.

Mzunguko wa kumi na mbili Emiliana alifunga breki mbele ya cherehani. Baadaye aliniambia hakupanga kusimama, alikuwa tu amechoka kupita.

"Shikamoo kaka," alisema. "Naondoka leo. Nakwenda kwa dada, sirudi."

Miraji aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Na ulikuwa unaondoka hivi hivi?"

Emiliana alikaza kanga kiunoni. Alipanda tena, lakini sasa alisimama kila mlango. Kwa mwenye duka la dawa, kwa wauza mchicha, kwa padre. Betri iliyokataa kuisha ilimpa nafasi ya kuwaaga wote aliotaka kuwakimbia, na sijui kama aliishukuru au aliichukia.

Saa nane na nusu, karibu na stesheni, taa ya mwisho ilizimika. Baiskeli ikawa nzito kama jiwe. Alikanyaga kwa mguu wa kushoto, wa kulia ukifuata tu, jasho likimtiririka, na watu wakatembea pembeni bila kumsukuma, maana alikataa. Sostenes alimwona akija tangu mbali. Alipofika, karani alijaribu mshikio mara moja tu. Akaandika: baiskeli, moja.

Emiliana aliisoma risiti, akaikunja, akaifunua tena.

"Na nikiichaji kule Issuna, itakuwa nini?"

"Hilo sijui, mama," Sostenes alisema. "Kweli sijui."

Waliifunga juu ya paa. Miraji alikuwa amekuja, futikamba bado shingoni, akasimama chini ya dirisha akitafuta la kusema. Salamu zote alikuwa ameshazitumia.

"Shikamoo," akamwambia, yeye aliye mkubwa.

Emiliana alimtazama kidogo, kama anayepima iwapo ni utani.

"Marahaba," alijibu, na basi likaondoka.