Aliyebaki Nchiru

Nelius wa kijiji cha Kanja alikuwa mnunuzi wa njugu za makadamia. Alizunguka mashambani na mizani yake, akinunua kwa majirani na kuwauzia madalali wa Embu. Alitamani sana kusomea biashara, akaomba nafasi katika chuo kimoja kule Nchiru, Meru. Wakamwita kwa mahojiano.

"Hii biashara yako utaikuzaje?" waliuliza.

Alitazama mikono yake mpaka wakamshukuru na kumwonyesha mlango. Hakuchukuliwa.

Alirudi nyumbani, lakini mama yake hakumwelewa aliyerudi. Akimwita shambani, Nelius aliitika baadaye sana, kana kwamba sauti imesafiri mbali kumfikia. Mbwa waliyemlea tangu akiwa kijibwa alimbwekea kama mwizi.

"Wewe uko hapa kweli?" mama aliuliza.

"Niko, mama."

Hata hivyo kazi haikulala. Msimu huo aliwashawishi majirani waache kuchuma makadamia changa, wakazikausha kwenye vichanja vya waya, na bei ikapanda. Mwaka uliofuata akaomba tena chuo kilekile.

Siku ya mahojiano ukungu ulifunika Nchiru. Aliingia kibandani kwa mama mmoja muuza chai aitwaye Kanana, ambaye Nelius hakuwahi kumwona. Kabla hajaketi, Kanana akamwekea chai ya rangi na yai la kuchemsha.

"Sijaagiza, mama."

"Si ndiyo yako ya kila siku? Leo umebadilisha sweta tu."

Nelius aliiacha chai mezani, akatoka. Langoni mwa chuo, kijana mmoja, Marete, akampungia mkono.

"Nelius! Leo umeamka mapema."

"Umenijuaje?"

Marete alicheka, kisha akaacha kucheka. "Si tunasoma pamoja? Wewe hukaa nyuma, kando ya dirisha. Hujawahi kusema neno. Tulikuuliza jina, ukatuandikia ubaoni."

Nelius alitaka kukimbia. Kilichomzuia ni hofu kubwa zaidi: akikimbia leo tena, ataacha kipande gani kingine chake hapa?

Ndani walikuwa walimu walewale, na swali lilelile. Alihisi pumzi baridi kisogoni. Akaanza kueleza: vichanja, makadamia zilizokomaa, majirani wanaouza kwa pamoja. Mwalimu aliyeongoza mahojiano, mama mwenye miwani, alikuwa akitazama nyuma ya bega la Nelius.

"Na mwenzako aliyesimama hapo," aliuliza, "yeye hana la kusema?"

Nelius hakugeuka. "Hana, mwalimu. Nimesema kwa niaba yetu sote wawili."

Ubaridi ukamwingia mgongoni, ukatulia kifuani, ukawa joto. Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Safari hii alichukuliwa. Siku ya kwanza darasani, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu na hakuna aliyekisogelea. Nelius aliketi mbele, akasoma huko hadi akahitimu.

Siku hizi ana ghala la makadamia Kanja, na yeye ndiye anayewahoji wanaotafuta kazi. Asiyefaa humsindikiza mwenyewe hadi barabarani, wakiongea, mpaka amwone akicheka. Kisha hurudi, na kabla ya kumwita mwingine huchungulia chumba cha mahojiano kuhakikisha hakuna aliyebaki ameketi.