Riwaya Iliyopangwa Gizani

Niliamini, kama ninavyoamini kwamba ziwani kuna maji, kuwa riwaya yetu ya mtihani ilipangwa kurasa umeme ukiwa umekatika. Aliyeniambia ni fundi viatu wa Nyasho, na ushahidi alikuwa nao: mama anazikwa sura ya kwanza, sura ya tatu anakaanga sato. Miaka hiyo sukari haikuwepo, sabuni haikuwepo, viberiti vilikuwa haviwaki. Kiwanda cha vitabu kukosa taa lilikuwa jambo dogo.

Shule yetu ya jioni pale Musoma ilikuwa na nakala moja, mali ya mwalimu, na watahiniwa wa kujaza uwanja wa mpira. Mwalimu alikuwa ametusomea sura tatu tu, bila maelezo, akapata msiba Butiama. Akaniachia kitabu niendelee kuwasomea wenzangu, maana sauti yangu, bila kujisifu, ilisikika mpaka Bunda. Mtihani ulikuwa umekaribia. Nikaona tukiingia na kitabu kilichovurugika, tunafeli darasa zima.

Fundi akakifumua kwa kisu cha soli. Nikapanga sura, harusi mbele, mazishi nyuma, naye akakishona kwa uzi wa nyavu. Kilitoka imara kuliko kiatu.

Nikaanza kufundisha upya. Mama mmoja wa Kibara, muuza dagaa aliyekuwa ameshafeli somo hilo na hakutaka kulirudia tena, akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, akinipa cheo ambacho sikuwa nacho, "hiki sicho tulichokuwa tunasomewaga. Kile, huyu mama akikaanga samaki nilikuwa nataka kulia, maana najua ameshakufa. Sasa hivi anakaanga tu."

Nikamweleza habari za umeme. Akasema sawa, lakini kwenye mtihani ataandika nini, kwamba samaki waliiva? Darasa likacheka mpaka madawati yakahama.

Mwalimu aliporudi akaupapasa ule uzi, akauliza. Nikamsimulia yote kwa urefu, pamoja na swali la yule mama. Akasema mama huyo aandike vilevile alivyosema, atafaulu. Kisha akanirudishia kitabu.

"Umeme ulikuwepo, bwana. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyemzika kwanza. Nenda kwa fundi wako akifumue."