Taa Aliyoniwashia Mama Mwenye Nyumba

Mimi ni Myahudi kutoka bara, na ni polisi hapa Malindi. Sabato yetu huingia Ijumaa jua likitua, na tangu hapo siwashi moto wala taa. Ijumaa moja tuktuk mbili ziligongana karibu na soko, nikabaki nikiongoza magari mpaka jua likatua. Nilirudi kwa miguu, nikijua nitakaa gizani. Nikakuta taa inawaka chumbani na wali wa nazi umefunikwa mezani.

“Shikamoo, mama. Nani kaniwashia?”

“Marahaba, mwanangu. Ni mimi,” alijibu mama mwenye nyumba, Mwislamu wa Lamu. “Nimeiwasha kabla ya magharibi, nisikuharibie ibada yako.”

Nilimshukuru, naye akanihimiza nile, wali usije ukapoa.