Kilimia cha Mama

Nimepiga picha za watu pale Mabatini kwa zaidi ya miaka ishirini: za pasipoti, za harusi, za watoto wanaolia wakiona mwanga, za wazee wanaokaza shingo kana kwamba wanapelekwa mahakamani. Kwa hiyo nilipokaa juu ya paa la nyumba yangu jioni ya tatu mfululizo, nikishindwa na kamera ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya chai, nilikasirika sana. Niliitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, na yenyewe ikaendelea kunionyesha kijivu kitupu.

Kamera hiyo haipigi picha ya maana. Inakaa kwenye kidarubini chembamba kilichofungwa mgongoni mwa darubini kubwa, yenye kamera ya picha yenyewe, na kazi ya hii ndogo ni moja tu, kuikodolea macho nyota moja bila kupepesa. Nyota ikisogea kidogo, inaiambia mota isogeze darubini kuifuata. Dunia inazunguka, na mota ikiachwa peke yake huwa inakosea, hivyo bila kamera ya kuongozea picha ya dakika tatu inatoka na nyota zilizovutika kama tambi. Lakini ili iikodolee nyota lazima kwanza iione, na yangu ilikuwa haioni kitu. Programu kwenye kompyuta iliniandikia kwamba hakuna nyota, na mimi nikiinua kichwa naziona zimejaa hadi kwenye mawe ya mlima.

Vifaa vyote niliachiwa na mzee mmoja wa Kihindi, mteja wangu wa siku nyingi aliyekuwa na duka la vitambaa, alipohama kwenda kuishi na wanawe. Alinifundisha kufunga na kufungua, akaniandikia maelezo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, akaondoka. Ningekuwa na akili timamu ningevifanya pambo la studio. Ila nilikuwa na mama nyumbani, na mama alikuwa ameniomba kitu.

Mama alikuwa amevuka ziwa kutoka Kamanga mwaka uliotangulia, akiwa na begi moja na kuku wawili, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imemaliza jicho la kulia na imeanza la kushoto. Hilo la kushoto lilibaki na kitundu tu cha kuonea. Daktari alitueleza kwa upole kwamba matone yanachelewesha, hayarudishi, na tusilitegemee jicho hilo kupita masika. Mama alimshukuru, na tulipofika nje akaniuliza kama Kilimia kimeshatoka.

Kilimia ni lile fungu dogo la nyota, sita kwa macho, linalochomoza mashariki jioni, majira ya kuandaa mashamba. Mama alilima miaka yote kwa kulitazama. Hakuwahi kuwa na kalenda ukutani mpaka mimi nilipoanza kumpelekea zile zenye picha za studio yangu. Sasa alikuwa anatazama juu anaona giza tupu. Kwenye kompyuta, hata hivyo, alikuwa bado anaweza kuona kitu cheupe kwenye weusi, kikiwa kikubwa.

"Mwanangu, wewe si unapiga picha?" aliniambia. "Nipigie Kilimia. Nikione mara moja, nyota zake zikiwa pamoja zote, basi."

Ilikuwa Novemba, na mawingu ya mvua yalikuwa yanatuachia jioni mbili au tatu kwa wiki. Nilikuwa nahesabu jioni hizo na kitundu cha jicho lake kwa pamoja.

Jumapili moja, baada ya ibada, niliacha kuwinda nyota nikaielekeza darubini ng'ambo ya ziwa, kwenye mnara wa simu upande wa Kamanga. Mchana angalau unajua unachokitafuta kipo wapi. Nilivuta kamera nje ya kidarubini taratibu, na kijivu kikaanza kuwa na umbo. Nikavuta zaidi, umbo likaelekea kuwa mnara. Nikavuta tena, kamera ikachomoka ikanibakia mkononi. Niliishikilia hewani kwa vidole, nyuma kidogo ya mdomo wa kidarubini, nikahema polepole, na mnara ukaja. Ulikuwa kichwa chini miguu juu, unatetemeka kwa joto la maji, lakini ulikuwa mnara.

Basi ugonjwa ulikuwa ni nafasi tu. Kamera ilitaka kukaa nyuma zaidi kwa kiasi cha upana wa dole gumba, na kipande cha kuishika hapo lazima kiliondoka na masanduku ya yule mzee. Mtu anayeuza picha alipaswa kulijua hilo jioni ya kwanza. Nilicheka peke yangu juu ya paa mpaka mama akauliza kutoka chini kama niko salama.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma, jirani na studio, anayetengeneza bushi za injini za mitumbwi. Ni mtu mzima, na hapendi haraka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Leo umevunja nini?"

Nikamweleza. Alikigeuzageuza kidarubini, akachungulia pande zote mbili, akamlenga nacho mteja wake aliyesimama pale mlangoni na nguo za oili. Akauliza nyota ina ukubwa gani, na kama kweli hizi nazo zinasogea au ni sisi. Tulipomaliza hilo akauliza kipimo. Nikamwonyesha dole gumba.

"Hicho siyo kipimo, hicho ni kidole," alisema. "Mimi chuma sikati kwa kubahatisha. Tupime kwa bomba kwanza."

Hivyo ndivyo anavyofanya na kila mtu. Alikata kipande cha bomba la plastiki la maji, akakikwangua ndani mpaka kidarubini kikaingia upande mmoja na kamera upande wa pili, vikibana. Nilitakiwa niende nacho nyumbani, nisogeze mpaka nione vizuri, nichore mstari kwa kalamu, nimrudishie. Yeye angenikerezea pete ya alumini yenye hesi kama za skrubu pande zote, isiyosogea tena, kwa urefu wa mstari wangu.

Jioni hiyo mashariki kulifunga mawingu. Magharibi, juu ya ziwa, kulikuwa kweupe, na kwa kuwa mwezi ulikuwa umekufa wavuvi wa dagaa walikuwa wametoka na taa zao. Siku hizi ni taa za sola, nyeupe, kali. Nikachagua moja, peke yake kwenye weusi, nukta safi kuliko nyota yoyote. Nikajiona mjanja. Nilisogeza kamera ndani ya bomba unywele kwa unywele mpaka ile taa ikawa kama tundu la sindano, nikachora mstari. Chini, majini, nilisikia wavuvi wakihesabu kwa pamoja wakivuta wavu, na mmoja akimtania mwenzake kuhusu mke. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutaka kuwapungia mkono.

Fundi alikata pete kama nilivyochora. Ilikuwa nzuri, inang'aa, na ilikaza bila kucheza. Ikaja jioni safi, Kilimia kikapanda juu ya taa za mtaa wa Buzuruga, nikaelekeza, nikawasha. Nyota zilitokea. Zilikuwa zimevimba kama maandazi, laini pembeni, na programu ilikuwa inaikamata moja, inaipoteza, inaikamata, inaipoteza. Picha niliyopata ilikuwa tambi zilezile.

Nilishuka nikakaa jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele kwa vidole, kazi ambayo hakutaka mtu amnyang'anye. Akauliza, nikamwambia kwamba nilipima vizuri kabisa na sijui kimeingia nini.

"Ulipimia nini?"

"Taa ya dagaa."

"Iko wapi hiyo taa?"

"Mbali, mama. Ziwani."

Alichambua kidogo. "Uliwasikia wakiongea?"

Nikamwambia ndiyo, niliwasikia, na hata utani wao niliusikia.

"Sasa mtu unayesikia maneno yake anakuwaje mbali?" alisema. "Kilimia umewahi kukisikia kikiongea?"

Nilitaka kubisha, kisha nikakumbuka studio. Kwa lenzi zangu za studio, mtu akisimama mita kumi nyuma, huko ndiko mwisho wa dunia, kila kilicho nyuma yake kinashikwa kwa fokasi ileile. Nilikuwa nimebeba mazoea ya pasipoti nikayapandisha juu ya paa. Kidarubini kilijua tofauti kati ya mtumbwi ulio karibu na ufuko na nyota, na mimi nilikuwa sijui. Aliyegundua ni mwanamke mwenye kitundu cha jicho, kwa kutumia masikio. Niliona aibu, na chini ya aibu nikamwonea mama fahari isiyo na mfano.

Kitu cha karibu kinataka kamera ikae nyuma zaidi, kwa hiyo pete yangu ilikuwa ndefu kupita kiasi, na hilo lilikuwa afadhali, maana chuma kinapunguzwa, hakiongezwi. Fundi alinisikiliza kisa cha taa mpaka mwisho, akafuta machozi ya kicheko kwa mkono wenye oili. Aliipunguza pete kwa unene wa karatasi mbili. Nikaijaribu kwa mnara wa Kamanga asubuhi na mapema, kabla joto halijaanza kucheza, kisha kwa nyota jioni. Zilikuwa nukta. Programu ikakamata moja haikuiachia tena.

Nikapiga dakika tatu. Nikapiga tena. Kwenye kompyuta Kilimia kilikaa katikati, kila nyota imetulia mahali pake, kali kama ncha ya sindano, na ukungu mwembamba wa bluu kati yake ambao sikuwahi kujua kwamba upo. Nilimpandisha mama ngazi kwa kumshika kiuno, nikamkalisha mbele ya kioo cha kompyuta.

Alisogeza uso kushoto, akausogeza kulia.

"Ni weusi tu," alisema.

Nukta zilikuwa ndogo mno kwake. Nikakuza picha, nyota moja ikajaa, akaiona, lakini nyingine zikawa zimetoka nje ya kioo. "Hiyo ni moja," alisema. "Mimi naziomba pamoja." Hakusema kwa lawama, na ndiyo maana iliniuma.

Nikaiacha kamera ya kuongozea kama ilivyo, imeshikilia nyota yake. Nikaweka mkono kwenye gurudumu la fokasi la darubini kubwa, nikalizungusha kwa makusudi, kitu ambacho mkono wangu haujawahi kukubali kwa miaka ishirini. Nyota zikavimba zikawa sahani nyeupe. Mwanga wake ukasambaa ukafifia, nikaacha picha iendelee dakika kumi ili ujae, na kamera ndogo ikashikilia dakika zote kumi.

Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akaweka kidole kwenye sahani ya kwanza, akaanza kuhesabu kwa Kisukuma. Alifika sita. Akarudi akahesabu kutokea upande wa pili, akapata sita, akabaki ameweka kiganja chote juu ya zote.

Jicho la kushoto lilifunga kabla masika hayajaisha. Ile picha nimeichapa kubwa, ipo studio, ukutani nyuma ya kiti cha pasipoti. Wateja wananiuliza kwa nini mpiga picha mzima ametundika picha iliyoharibika. Nawajibu kwamba hiyo mama yangu aliiona.